Sifa za Stakabadhi ya Mpakani

Mpaka, kama unavyoelezwa katika vitabu vya jiografia, ni mstari unaotenganisha mamlaka mbili. Lakini atakayekwenda kuutafuta Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe unaopakana na Nakonde ya Zambia, atapata shida kuuona, kwa kuwa nyumba za upande huu zimekaribiana na za upande ule, Kinyamwanga kinazungumzwa pande zote mbili, na bei ya sukari ikibadilika huku, ng'ambo hujulikana kabla ya jioni. Mstari wenyewe ulikubaliwa Berlin tarehe 1 Julai 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani, na asili yake ni jambo la kwenye karatasi, kwa hiyo ni haki kwamba karatasi ndiyo iupe uhai. Bila ada, kibali na stakabadhi, mtalii angevuka kama avukavyo mbuzi, asijue kama amefika, na wino wa mwaka 1890 ungekuwa umemwagika bure.

Anayestahili kuonewa wivu zaidi ni mtalii anayesafiri na gari lake mwenyewe. Mnamo Novemba 2022 Zambia iliwaondolea viza watalii wa nchi nyingi, wakiwemo wa Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya, na mpenda mipaka angeweza kuhofu kwamba adhama ya dirisha ingeporomoka. Lakini gari halikupewa msamaha huo, na likaendelea kuibeba heshima ambayo mwenye gari amevuliwa. Hulipiwa ushuru wa kaboni, yaani tozo ya moshi inayokadiriwa kwa ukubwa wa injini. Hulipiwa ada ya barabara. Hulipiwa ushuru wa halmashauri, ambao ni mchango mdogo kwa wilaya iliyokanyagwa na matairi. Na hukatiwa ile ambayo madereva huiita bima ndogo, yaani bima inayomlipa aliyegongwa na si aliyegonga. Kuyakusanya malipo haya mahali pamoja kungekuwa kuyavunjia heshima, hivyo kila moja lina dirisha lake, foleni yake na kipande chake cha karatasi. Kwa mpangilio huo gari hutambuliwa kuwa na mapafu, miguu, makazi na dhamiri, na Land Cruiser iliyosajiliwa Ulaya kama chombo tu hutoka Nakonde ikiwa karibu raia. Mtanzania, aliyelizoea neno tozo tangu miamala ya simu ilipotozwa mwaka 2021, ataelewa upesi kwamba uzuri wa tozo hauko katika ukubwa wake bali katika wingi wa majina yake.

Kadi mbili zinahitaji ufafanuzi wa pekee, kwa sababu zote ni za njano na zote huulizwa kwa sauti ileile. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni kadi ya bima ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo huifanya bima iliyokatwa katika nchi moja ikubalike katika nyingine. Mtalii aliyeulizwa ya gari hutoa ya mbu, na aliyeulizwa ya mbu hukimbilia kufungua droo ya gari. Cheti cha mtu, tangu Julai 2016, hudumu maisha yake yote, ilhali kadi ya gari huisha muda na kutaka kulipiwa upya, jambo linalodokeza kwamba mbu ana subira kuliko kampuni ya bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki na kadi, kama mpangaji aliyehama nyumba akaondoka na ufunguo.

Kwa anayeingia Tanzania, viza ya kawaida ya mtalii ni dola 50, isipokuwa kwa Mmarekani, ambaye hutozwa dola 100 na kupewa ya kuingia mara nyingi, asije akajiona mgeni wa kawaida. Nje ya ofisi, kwa wabadilisha fedha, ndipo elimu ya noti hutolewa bila karo: noti huinuliwa kwenye mwanga, bega la Benjamin Franklin hupapaswa kwa kidole gumba, kisha hutafutwa zile tarakimu ndogo za mwaka, kwa kuwa noti ya kabla ya 2006 huenda ikarudishwa kwa mwenyewe kama samaki aliyelala. Mtu aliyeitumia dola tangu utotoni hugundua hapo, kwa mara ya kwanza, kwamba fedha yake ina umri. Hapo pia hujitokeza kishoka, yaani wakala asiye na leseni, ambaye hajaajiriwa na yeyote lakini huwa ameshika kalamu kabla mtalii hajashuka garini. Wengi humlaumu, wakisahau kwamba ndiye anayejua dirisha lipi linatangulia lipi, na kwamba ada yake, isiyobandikwa ukutani popote, ndiyo pekee inayoshuka kadiri mtalii anavyokaza uso.

Oktoba 2019 kilizinduliwa Kituo cha Huduma kwa Pamoja cha Tunduma na Nakonde, utaratibu ambao anayetoka Tanzania hupita hadi upande wa Zambia na kuhudumiwa huko na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Aliyesikitika akidhani madirisha yatapungua alisikitika bure, kwani kilichounganishwa ni paa, si madirisha, na mtandao ukikatika, foleni mbili zilizokuwa mbalimbali sasa husubiri zikitazamana. Kusubiri huko nako kuna fidia. Saa za Zambia ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, hivyo aliyefika saa nne asubuhi na kumaliza madirisha yote saa tano hutoka Nakonde saa nne ileile, stakabadhi zikiwa rundo mkononi, bila kuchelewa hata dakika. Safari ya kurudi humnyang'anya saa hiyo, na hiyo ndiyo tozo ya mpakani isiyokatiwa stakabadhi.