Bati na Kosaini

Hivi jirani, bati na kosaini wapi na wapi? Mimi nataka kuezeka kibanda changu tu, hapa Itigi, karibu na reli. Basi. Sijaomba kufanya mtihani.

Fundi kaja, kaangalia, kakohoa. "Mzee, tukate bati za urefu gani?" We fundi, unaniuliza mimi? Ningejua si ningeezeka mwenyewe? Nikajibu kwa sauti ya mwenye nyumba: upana mita 6, nusu yake 3, leta bati za mita 3. Fundi kimya. Kamtazama saidia fundi. Saidia fundi kageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Eti paa halilali, linapanda. Kenchi zitainuka nyuzi 30, maana upepo wa Singida si wa kuchezea. Na bati likipanda linakuwa refu kuliko sakafu iliyo chini yake. Nani kaamua hivyo? Na kwa nini nilipie mimi?

Nikasema tupime kwa futi kamba, yaishe. "Kenchi hazijapigwa, mzee. Utapima hewa?" Hapo mama wa vitumbua akacheka mpaka akaunguza.

Akaitwa binti wa jirani mwingine, kidato cha tatu, anatoka bombani. Ndoo kichwani, hata kutua hajatua. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Akachora pembetatu mchangani kwa kidole cha mguu, mbele ya kandambili zangu zilizofungwa waya. Kitako hiki, mita 3. Kimo hiki, kinasimama wima, pembe mraba. Upande huu wa mgongoni ndio hatuujui, unaitwa haipotenasi. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyewahi kukaa nao meza moja.

"Kosaini ni kitako gawa kwa haipotenasi, mjomba. Kosaini ya nyuzi 30 ni 0.8660. Kwa hiyo 3 gawa kwa 0.8660." Kabonyeza kisimu cha fundi. Mita 3.46. Maji hayajamwagika hata tone.

Nikauliza, kwa hasira kidogo, hayo mambo yamemsaidia nani. Angenyamaza basi! Akasema Kilimanjaro hiyo, mwaka 1952 Waingereza waliipima kwa pembe na pembetatu wakapata mita 5,895, hakuna aliyevuta kamba toka chini hadi Kibo. Sasa mlima wa taifa na kibanda changu vinalinganishwaje? Watu wakapiga makofi. Wakampigia yeye.

Fundi naye, kaona raha, akaongeza nusu mita ya upenu. 3.96, sema 4. Mita 4! Kila bati! Pande zote mbili! Na dukani wanauza kwa mita, hawauzi kwa huruma. Pesa niliyoshika ilikuwa ya 3, na ya soda ya fundi.

Bado choo hakijaezekwa, nacho ni cha mgongo mmoja. Ukiwa na mtoto wa kidato cha tatu, jirani, nitumie tafadhali. Ila aje jioni, mama wa vitumbua akishafunga.