Mwache Mbwa Amalize Salamu

Mtu anayesafiri na mbwa wake hupanga kila kitu isipokuwa mwendo wa mbwa. Hubeba maji, bakuli, vifuko vya kuzolea kinyesi na ramani, akakata shauri kwamba kabla ya saa sita mchana watakuwa kileleni. Hatua chache tu, mbwa anaweka pua kwenye kisiki na kugoma. Bwana anavuta, mbwa anakaza shingo. Bwana anabembeleza, mbwa anakizunguka kisiki na kamba inamfunga bwana magoti. Akishagaagaa matopeni humlaumu mbwa, lakini nasimama upande wa mshtakiwa. Ili kamba imwangushe mtu lazima mmoja wao awe na haraka, na mbwa hana saa.

Chukua mfano wa Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, huko Virginia, Marekani. Njia zake za miguu zina jumla ya takriban maili 500, na mbwa wanaruhusiwa katika nyingi kati ya hizo, mradi kamba isizidi futi 6. Majira ya kupukutika majani watu humiminika kuona milima ilivyogeuka myekundu. Sasa, macho ya mbwa hayatofautishi vyema nyekundu na kijani, ilhali pua yake inaweza kuwa na vipokezi vya harufu hadi milioni 300, yetu ikiwa na takriban milioni 6. Anayemburura kutoka kisikini akaone mandhari anamtoa penye habari na kumpeleka asikoona tofauti. Mkojo ulioachwa pale unamweleza kama aliyepita ni dume au jike, na ugenini kila anayepita ni mpya kwake. Kumkatiza ni kama kumvuta mkono mzee ambaye ndiyo kwanza anauliza habari za watoto, na za shamba hajazifikia.

Wapo watakaosema safari ina gharama, na hawakulipa nauli kutazama visiki. Haki yao. Ila kwa kamba ya futi 6, mwendo wa mbwa ndio mwendo wako. Unachoweza kuchagua ni kwenda pole kwa furaha au kwenda pole kwa ugomvi. Wengine watasema mbwa anahitaji mazoezi. Ni kweli, na wapo wasiotosheka bila kukimbia. Lakini mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, hivyo kumkimbiza juani si kumfanyia hisani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukimwachia mbwa uamuzi atakuponza. Mwandishi John Steinbeck, aliyezunguka Marekani mwaka 1960 na mbwa wake Charley, anasimulia jinsi mpole huyo alivyopandwa na wazimu garini alipowaona dubu wa Yellowstone, hadi ikabidi gari ligeuzwe. Basi palipo na dubu, amua wewe. Palipo na kisiki, amua nini?

Dawa ni nafuu: panga nusu ya masafa uliyokusudia. Mkifika mwisho wa njia, mmepata ziada. Msipofika, anayedai kilele ni mmoja tu, naye ndiye mwenye matope magotini.