Safu ya Ushauri: Hoho Haiivi kwa Kupigwa Picha

Mboga hupigwa picha zikiwa mbichi kwa sababu moto huziharibia rangi. Ukijani wa mchicha unatokana na klorofili, ambayo ndani yake mna magnesiamu. Joto na asidi ya mboga yenyewe huitoa magnesiamu hiyo, na jani hubaki na rangi ya zeituni. Zambarau ya biringanya nayo huishia kuwa kahawia. Karoti na nyanya ndizo hustahimili, kwani rangi zao hukubali mafuta na kuupa mchuzi wekundu. Anayeitaka rangi ya sokoni hana budi kuipata kabla sufuria haijabandikwa, na hapo ndipo malalamiko ya wasomaji yanapoanzia.

La kwanza, kutoka Magomeni, linahusu nyanya zilizonunuliwa nyekundu zikatokea kwenye simu na rangi ya chungwa lililochacha. Mlalamikaji anamshuku muuzaji. Muuzaji hana kosa. Jiko hilo lina dirisha, na lina taa ya tyubu inayowaka mchana kutwa. Mwanga wa taa una rangi yake na wa jua una yake, na simu ikijaribu kuipatanisha huishia kuikosea yote miwili. Tiba ni kuzima taa. Mboga huwekwa karibu na dirisha ili mwanga uingie ubavuni, na upande wenye kivuli hushikwa karatasi nyeupe inayoirudishia mboga mwanga. Jua la saa sita halifai: karibu na ikweta husimama utosini, likaacha vivuli vyeusi chini ya mboga na doa jeupe juu ya kila hoho. Flashi ya simu huleta doa lilelile, hivyo nayo izimwe. Wekundu ukizidi hadi nyanya ionekane kama bandiko lisilo na mviringo, hupunguzwa mwangaza kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, si baadaye. Kisha lenzi. Simu inayokaa jikoni hushika utandu wa mafuta, na kuipangusa kwa kitambaa safi kunasaidia kuliko kununua simu mpya, ushauri ambao wauza simu hawana haraka ya kuutoa.

Msomaji wa Tanga ana shida nzito zaidi. Alipanga bamia, nyanya chungu na pilipili mbuzi juu ya kanga, akaituma picha kwenye kundi la familia, na wifi yake hajampigia simu tangu siku hiyo. Bamia hazina hatia. Jina la kanga lilisomeka vizuri chini ya picha, na wifi akajua ameambiwa yeye. Hata pasipo ugomvi, kanga ina kasoro ya kitaalamu: nakshi zake zinagombana na mboga, jicho likakosa pa kutua. Ungo, jamvi au ubao wa kukatia huiacha mboga itawale. Ikiwa lazima kanga itumike, ikunjwe ubaki mji peke yake, pindo na jina viende chini. Kuhusu wifi, picha ya pili haitasaidia kitu. Apelekewe bamia zenyewe, na zipelekwe kwenye mfuko usio na maandishi.

Kutoka Nairobi kuna sukuma wiki iliyonunuliwa asubuhi ikapigwa picha jioni, imelegea. Jani lililonyauka limepungukiwa maji tu; likitumbukizwa zima kwenye maji baridi kwa nusu saa hivi huyanywa na kusimama tena, mradi halijaanza kuwa la njano. Wapigaji picha za matangazo hunyunyiza maji yaliyochanganywa na gliserini ili matone yasikauke, lakini sukuma ya namna hiyo isitarajiwe kukutana na ugali. Kukata huachwa mwisho. Biringanya iliyopasuliwa hupiga weusi ndani ya dakika chache kwa kukutana na hewa, ingawa limau huuchelewesha weusi huo. Msomaji huyo anauliza pia kama magadi yatauhifadhi ukijani hadi mezani. Yatauhifadhi, na hapohapo yatalirojesha jani na kuharibu sehemu ya vitamini zake. Picha itasifiwa; mlaji asiulizwe.

Kuna mama mkwe wa Arusha anayesema kupiga mboga picha ni utoto wa siku hizi. Utoto huo una umri. Mwaka 1930 Mmarekani Edward Weston aliweka pilipili moja ndani ya faneli ya bati, akaacha lenzi wazi kwa dakika kadhaa, akapata mojawapo ya picha mashuhuri za karne ya 20, na bila rangi yoyote, nyeusi na nyeupe tu. Pilipili alizozipiga picha alizila. Kabla yake, mwaka 1907, ndugu Auguste na Louis Lumière wa Ufaransa walianza kuuza vioo vya Autochrome, ambavyo rangi yake ilipatikana kupitia chembe za wanga wa viazi mviringo zilizotiwa rangi ya chungwa, kijani na zambarau. Picha ya rangi, kwa hiyo, iliwahi kupitia kwenye kiazi. Mama mkwe aelezwe hayo kwa adabu, ikiwezekana akiwa ameshashiba.

Barua ya mwisho ni ya mume wa Morogoro ambaye chakula chake cha usiku kimesogea hadi saa nne, mkewe akiwa bado anageuza hoho. Madai yake yana msingi kiasi. Mwanga wa dirishani huisha kabla ya saa moja jioni, na kinachopigwa baada ya hapo ni picha ya tyubu. Mke na apige picha saa kumi na moja, abandike sufuria saa kumi na mbili. Mume, kwa kuwa yupo na anaona njaa, ashike karatasi nyeupe.