Benchi Lina Egemeo?

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa nimejikalia zangu Jumatano asubuhi, gazeti mkononi, chai ya pili njiani, mpwa wangu akaingia. "Mjomba, si ulisema kustaafu kumekuchosha? Twende tukatie bustani za Nairobi kwenye ramani."

Kweli nilisema. Lakini nilikuwa namwambia mke wangu, na nilitafuta huruma, si ajira. Tena ajira yenyewe haina hata nauli.

Kumbe kuna ramani ya dunia nzima, OpenStreetMap, iliyoanzia Uingereza mwaka 2004, na wanaoijaza wengi wao hawalipwi hata senti. Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani hiyo mpaka mwaka 2009, vijana wa pale pale walipozunguka na vifaa vya GPS wakaichora wenyewe. Hao nawapa heko. Ila wao walikuwa wakiandika vyoo na mabomba ya maji. Mimi nimepewa mabenchi.

Tukaanza na Jeevanjee Gardens. Programu ya simu ikauliza: benchi lina egemeo? Ningejuaje? Bwana mmoja alikuwa amelilalia kuanzia ncha hadi ncha, koti usoni.

"Samahani ndugu, hebu inuka kidogo tuangalie benchi."

Akafumbua jicho moja. "Nyinyi ni kanjo?"

"Hapana," mpwa akajibu. "Tunajitolea."

"Mnajitolea kuniamsha?"

Tukaruka swali. Lililofuata: matumizi ya eneo. Simu ilikuwa imeshanijazia "mapumziko". Mapumziko yapi? Kulia kwangu mhubiri alikuwa anatutaja kwa dhambi zetu, na kushoto Bunge la Mwananchi, lile bunge lisilo na posho, lilikuwa limechemka juu ya bei ya unga. Aliyekuwa akipumzika ni mmoja tu, naye tulikuwa tumemwamsha.

Halafu likaja la mmiliki. Hapo nilikuwa najua kitu. Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani hii mwaka 1906; na mwaka 1991, ulipozuka mpango wa kuijaza majengo na maegesho ya magari, mjukuu wake Zarina Patel alikuwa mstari wa mbele kuupinga. Nikaandika: "Mimi." Mpwa akafuta. Nikarudisha. Akaninyang'anya simu, mbele ya wabunge.

Jioni tukapita Waiyaki Way, nikaonyeshwa ule mgumo ulioponea chupuchupu mwaka 2020, barabara ya juu ilipokuwa inajengwa, mpaka rais akatoa amri usikatwe. Nikauliza miti ya kawaida, isiyojuana na rais, nayo inaandikwa wapi. Mpwa akasema ina kisanduku chake. Nimechoka na visanduku.

Nikalala. Saa nane usiku nikaamka. Lina egemeo au halina?

Alfajiri nikapanda matatu, nikamwambia mke wangu naenda kununua gazeti, nikafika Jeevanjee kabla jua halijachomoza, nimwahi yule bwana. Alikuwa ameshafika, amejinyoosha vile vile.

"Linalo," akasema kabla sijafungua mdomo, koti bado usoni. "Lakini kivuli kinaondoka saa nane mchana. Andika hilo."

Nikatafuta kisanduku cha kivuli mpaka betri ikaisha.