Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya, Nairobi

KUH: OMBI LA WAGONJWA WA AKILI KUPANDISHWA CHEO WAWE RIPOTI

Sera ya afya ya akili nchini Kenya haijakosa ushahidi, na kwa hilo Wizara inastahili pongezi. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilichapisha ripoti kuhusu jinsi huduma za afya ya akili zilivyotelekezwa. Ikaja sera yenyewe, ya 2015 hadi 2030. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alikuta fungu la afya ya akili ni takriban asilimia 0.01 ya matumizi ya afya. Mwaka 2019 likaundwa jopokazi chini ya Dkt. Frank Njenga kwenda kuuliza upya, nalo likashauri itangazwe dharura ya kitaifa. Kisha mpango kazi, 2021 hadi 2025. Kila mara mgonjwa na mamake huulizwa yaleyale: dawa zinapatikana? Hospitali iko mbali? Hujibu, hutia sahihi, hurudishiwa nauli, na nauli hiyo huishia duka la dawa, kwa kidonge ambacho hospitalini "kimeisha".

Wizara inaombwa basi, kwa unyenyekevu, iwapandishe wagonjwa cheo wawe ripoti. Ripoti huzinduliwa hotelini, kwa chai, mandazi na soseji. Mheshimiwa Waziri huishika kwa mikono miwili na kupigwa nayo picha. Hakuna ripoti iliyowahi kuambiwa irudi Jumatatu kwa kuwa daktari yuko semina. Mgonjwa atakayeteuliwa avishwe jalada linalong'aa lenye nembo ya taifa, aandikiwe dibaji, tena afupishwe kwa kurasa mbili kwa ajili ya wakubwa wasio na muda wa kumsoma mzima. Baada ya sherehe atiwe kabatini. Kabati ni kavu, lina kufuli, na kila mmoja ana nafasi yake. Aliyewahi kulala wodi iliyofurika hatalalamika. Wala hakuna ripoti iliyofungwa kamba na jamaa zake.

Maombi mengine ni madogo. Tume ya Afya ya Akili na Furaha, iliyopendekezwa na jopokazi hilohilo, ianze kupima furaha kwenye foleni ya dawa. Utafiti uliochapishwa 2017 usomwe: kati ya wanawake 421 wa viunga vya Nairobi, waliohudumiwa vikao vitano na wahudumu wa kawaida wa jamii, si madaktari, walipata nafuu kuliko wenzao. Utafiti wa aina hiyo huwa sera pale anapojulikana atakayewalipa wahudumu hao, atakayewasimamia, na mgonjwa aliyezidiwa apelekwe wapi. Kuunukuu kwenye utangulizi hakugharimu kitu, ndiyo maana hufanyika sana.

Kuna na Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Nchi yenye sera, jopokazi na mpango kazi iliendelea kumtishia aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka miwili, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jaji ndiye aliyesema. Miaka yote hiyo familia zilidanganya hospitalini kwamba mtoto alikunywa sumu kwa bahati mbaya, asije akatolewa kitandani na kupelekwa kituo cha polisi. Hilo halina dibaji.

Wizara iwie radhi ukali huo. Huenda ikajibu kwamba afya iligatuliwa, waulizwe magavana. Nakala zimepelekwa kaunti zote 47 na Hazina ya Kitaifa. Hakuna hojaji iliyoambatanishwa.