Fedheha ya Kufungwa Mkononi

Kufungwa bao na mtoto wa darasa la nne, barazani, mbele ya wazee waliokaa kungojea adhana ya magharibi, ni fedheha isiyopoa upesi, hasa aliyefungwa anapokuwa mzazi yuleyule aliyemnyang'anya mtoto huyo simu kwa hoja kwamba TikTok inamlemaza akili. Fedheha huzidi ikiwa amefungwa mkononi, yaani safu yake ya mbele imemalizwa angali ameshika kete ambazo hajazitia ubaoni.

Ubao wa bao una mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, aghalabu komwe, ambazo wachezaji wawili hugawana nusu kwa nusu. Katika bao la Kiswahili kila mmoja hutanguliza kete 10, 6 kati yake zikikaa katika nyumba, shimo la mraba ambalo ndilo hazina yake, na 22 hubaki mkononi ili azinamue, maana yake azitie moja moja kila zamu. Kete ikitiwa katika shimo la mbele lenye kete, nalo likawa limetazamana na shimo la mpinzani lenye kete, za mpinzani huliwa na kusambazwa moja moja kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni; ya mwisho ikiangukia penye kete mchezaji huendelea, pengine akala tena, na ikiangukia shimo tupu hulala. Mtoto anayeufuata mzunguko huo kimya kimya, macho ubaoni na ubuyu mdomoni, anafanya hesabu ambayo mzazi wake aliiacha tangu alipoanza kuitegemea simu yake mwenyewe.

Kati ya michezo mingine ya watoto ipo pia rede, ya kukwepa mpira, ambayo mzazi mwenye magoti mabovu huitazama kwa mbali. Ipo tiara, ya kurushwa angani.

Hata hivyo rede hutaka uwanja, na uwanja watu wazima wamekwisha kuujengea fremu za maduka, kisha wanashangaa, tena kwa sauti kubwa, kwamba watoto wamejifungia ndani na simu. Hiyo si kasoro ya watoto, na kuwahubiria ni dhuluma ya pili. Bao angalau halidai nafasi kubwa: anayeanza hucheza bao la kujifunza, ambalo kila shimo hutiwa kete mbili, na ubao ukikosekana mashimo huchimbwa chini, mradi ua wenyewe haujamwagiwa zege.