Mfumo Uko Chini, Mgonjwa Yuko Benchi

Mfumo ukiwa chini, kila kitu hospitalini kinasimama isipokuwa ugonjwa. Malaria haisubiri intaneti. Presha yangu haijawahi kuambiwa "subiri kidogo, wanarekebisha" ikatulia. Ndiyo kwanza hupanda.

Nasema haya nikiwa mtu wa kliniki, yule anayekwenda kila mwezi kuchukua dawa, kwa hiyo mimi si mgeni wa benchi. Walinzi nawajua, paka wa pale nawajua, na lugha ya dirishani naijua vizuri zaidi. Binti wa mapokezi akikwambia, "Shikamoo baba, mtandao unasumbua kidogo," hiyo kidogo inatosha kwenda sokoni, kupika, kula na kurudi. Akisema, "Mfumo umegoma," nenda kalale. Akinyamaza tu, akamtazama yule kijana wa TEHAMA aliyeinama chini ya meza akichomoa nyaya na kuzichomeka tena, hapo mwachie Mungu. Kwenye hospitali hii, ambayo siitaji kwa sababu kliniki bado naihitaji, kijana wa TEHAMA ni mmoja na siku hizi ananyenyekewa kuliko daktari bingwa. Daktari bingwa akitoka, yuko wa kumshikia zamu. Kijana akienda msibani, hospitali nzima iko msibani.

Asije mtu akasema mimi ni mzee ninayeogopa kompyuta. Enzi za mafaili nilikuwepo. Nakumbuka kile chumba cha masijala chenye rafu hadi darini, na yule mama aliyekuwa akiingia humo na namba yako, akatoka na vumbi. Faili likipotea, historia yako imepotea nalo; unafunguliwa jipya na unaanza kuumwa upya. Wapo wanaoyalilia mafaili yale. Mimi si mmoja wao.

Ninachogombana nacho ni kwamba tuliahidiwa kompyuta badala ya makaratasi, tukapewa kompyuta juu ya makaratasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 zahanati na hospitali zetu zinaendeshwa kwa vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, vile vipana ambavyo ukivifungua vinajaza meza: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wanaojifungua. Mwisho wa mwezi manesi walikaa na kikokotoo, wakijumlisha vijistari mpaka macho yakauma. Baadaye ikaja DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaifanyia kazi hapa nyumbani, taarifa za mwezi zikaanza kufika wizarani bila kubebwa kwenye bahasha. TAMISEMI nayo ikaleta GoT-HoMIS ya kuendesha hospitali za halmashauri kuanzia mapokezi hadi dirisha la dawa. Ni kazi nzuri, nawapa hongera. Sasa vile vitabu vilikwenda wapi?

Havikwenda popote. Viko palepale mezani, kompyuta imesogezwa pembeni ili vipate nafasi. Mama mjamzito akifika, nesi anaandika kwenye kadi yake, anaandika kwenye kitabu, kisha anageukia kompyuta anaandika tena. Kukiwa na mradi wa wafadhili, kuna pia kishikwambi cha mradi, nacho kina maswali yake. Nilimuuliza sista mmoja kwa nini asichague kimoja. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, wakija kukagua wanafungua kitabu. Na umeme ukikatika, kitabu hakizimi." Sikuwa na jibu. Ndiyo maana foleni ya teknolojia ni ndefu kuliko ile ya kalamu: kalamu bado imo ndani yake.

Kuna sehemu moja tu ambako karatasi imeshindwa kabisa, na sehemu hiyo ni dirisha la malipo. Hapo mambo ni moto. Tangu mfumo wa malipo ya serikali, GePG, uanze mwaka 2017, huwezi kumpa mtu noti mkononi hivihivi. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu, mashine inakupigia risiti. Najua sababu, na sababu ni ya haki. Zamani fedha za wagonjwa zilipita kwenye droo, na droo zetu zilikuwa na matundu. Mfumo ulipoingia, makusanyo ya hospitali nyingi yalipanda ilhali wagonjwa ni walewale, na kila mtu akaelewa zile nyingine zilikuwa zikienda kula chakula cha mchana na nani. Hilo silipingi.

Lakini angalia tabia ya chombo hiki. Chumba cha daktari mtandao ukikatika, tunaambiwa tuvute subira. Dirisha la malipo ukikatika, watu wanakimbia, simu zinapigwa, meneja anatoka ofisini mwenyewe na koti lake. Daktari akitafuta vipimo vyangu vya mwezi uliopita, havionekani. Mhasibu akitafuta nilichobakiza mwezi huohuo, kinatokea kabla hajamaliza kuandika jina. Mfumo huu ni kama mkwe mwenye tamaa: unaumwa nini hajui, ila salio la mahari analijua mpaka senti.

Na majina! Shangazi yangu ana umri ambao hata yeye anaukadiria. Alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa alijibu, "Mwaka ule wa nzige, mwanangu, mvua zilikuwa zinaishia." Kisanduku cha tarehe hakipokei nzige. Kijana akamwandika Januari mosi, na si yeye peke yake; ukiziamini kompyuta zetu, wazee wa nchi hii karibu wote walizaliwa usiku wa mkesha wa mwaka mpya, na wakunga wa enzi hizo mwaka wote uliobaki walikuwa wakicheza bao.

Tarehe haikumdhuru. Kilichomponza ni herufi h. Kwenye kadi ya bima jina lake linaishia na h. Kwenye kitambulisho cha taifa, kile chenye namba ya tarakimu 20, h haimo. Basi mfumo ukamsajili kuwa watu wawili, kila mtu na namba yake. Shangazi mwenye h ana presha. Shangazi asiye na h ana kisukari. Huyu ana daktari wake na dawa zake, yule ana wake na zake, na madaktari wote wawili wanaamini wana mgonjwa wa ugonjwa mmoja. Figo ni zilezile. Nilipoomba waunganishwe nikajibiwa kwa adabu kabisa, "Hilo mpaka waliotengeneza, baba, sisi hapa hatuna ruhusa." Shangazi hakukasirika. Aliuliza tu, "Kama tuko wawili, mbona foleni napanga peke yangu?"

Mimi nami nimo. Kwa mujibu wa kompyuta, juzi nilitibiwa na daktari aliye likizo ya uzazi. Aliyenipima ni kijana mwenye ndevu, lakini akaunti yake ilikuwa haijafunguliwa, akaingia kwa ya mwenzake. Neno la siri limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa plasta ya vidonda, mgonjwa yeyote anaweza kulisoma akiwa ametoa ulimi. Na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022! Sheria inalinda taarifa, plasta inazitangaza.

Ukipewa rufaa ndipo utaujua ukubwa wa tatizo. Wakubwa wetu kila wakipanda jukwaani husema mifumo isomane. Wanaitikiwa kwa makofi. Jirani yangu alipigwa picha ya kichwa kwenye hospitali moja, akapewa sidii ndani ya bahasha, akaambiwa aende nayo hospitali kubwa zaidi. Hospitali kubwa ina kompyuta mpya, nyembamba, nzuri. Pa kuingizia sidii hamna. Picha ilikuwepo, pesa ilikwishalipwa, ila njia ya kuitazama ilikuwa kulipa upya. Aliokolewa na daktari wa kwanza, aliyeipiga picha ile picha kwa simu yake na kumrushia mwenzake kwa WhatsApp. Nchi hii ina mifumo mingi ya afya, na unaosomana kuanzia zahanati ya kijijini hadi kwa bingwa mpaka sasa ni WhatsApp, ambao hakuna wizara iliyoununua.

Kwenye mingine yote, waya ni mgonjwa. Mimi ndiye ninayetoa majibu maabara kuyapeleka kwa daktari, ninayekumbuka jina la dawa iliyonivimbisha midomo, ninayeieleza hospitali ya pili ilichokifanya ya kwanza. Waya huu una homa, una njaa, na mara nyingine umezimia.

Tusijione tumelaaniwa peke yetu. Uingereza mwaka 2002 walianza mradi wa kompyuta kwa huduma yao yote ya afya, wakateketeza mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja. Hata mwaka 2018, chuo chao cha madaktari wa upasuaji kilihesabu mashine za faksi zaidi ya 8,000 zikiwa bado kazini hospitalini, ikabidi waziri wa afya apige marufuku kununua nyingine. Faksi! Nilipolisoma hilo nililala vizuri usiku mmoja, kisha nikarudi benchi.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ikitekelezwa inavyotakiwa, kila Mtanzania atakuwa na kadi, na kila kadi itakuwa na jina, na kila jina litakuwa na h yake au halina. Wenye mifumo, nawaomba kabla hamjazindua mwingine wenye jina jipya la herufi kubwa, chukueni hii iliyopo muifundishe kumtambua mtu mmoja kuwa ni mmoja. Halafu mpeni yule nesi ruhusa ya maandishi ya kukifunga kitabu, maana kwa mdomo hatakifunga, na akikaguliwa hamtakuwepo kumtetea.

Na wewe msomaji, ukienda hospitali wiki hii beba kitambulisho, kadi ya bima, na simu yenye chaji na fedha za kulipia kontroo namba. Andika kwenye karatasi dawa unazotumia na zile zinazokudhuru, karatasi hiyo usimpe mtu ikaenda moja kwa moja. Jina lako hakikisha limeandikwa sawasawa kila mahali. Kama lina h, usiondoke dirishani mpaka uione.